Pole Iliyotiwa Pingu

Juzi, kwenye tramu ya Croydon, kusini mwa London, mama mmoja mwenye sare ya watunza wazee alikuwa akizungumza na dada yake aliyeko Marekani. Simu ilikuwa kwenye spika, nasi abiria tukasikiliza tupende tusipende.

"Mwanangu alimkuta mzee wa watu kapigwa na wezi, kalala chini," dada alilia. "Akamshika kichwa, akamwambia 'sorry, sorry'. Polisi wakamkuta hivyo, wanasema amekiri."

"Si alikuwa anampa pole?"

"Nani atawaeleza? Kamera ya kifuani mwa polisi imenasa maneno yake yote. Wakili anasema akubali kosa atoke leo. Akikataa, kesi ataisubiria humo humo ndani."

Mama akaikumbatia simu kifuani, kama anayemziba mtoto masikio.

Watu waliandamana ili polisi wavishwe kamera hizo. Yakaitwa mageuzi. Haya, zinasikia vizuri sana.

Sisi pole tunampa aliyeumia, samahani anaomba aliyekosa. Kiingereza kimezisonga zote mbili katika neno moja, na Marekani imelijengea neno hilo gereza.

Nilipokuwa nikishuka, nilimpa yule mama pole. Kwa Kiswahili, na kwa sauti ya chini.