Kanisa zima liliomba mama mkwe awe negative, yakaja majibu ya positive

Wakuu, mwangaluka.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, huwa napita kwenye nyuzi za watu na kuondoka zangu. Leo naleta wa kwangu. Haya yametokea kweli, nimebadilisha majina tu, na mhusika mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Andika, ila usiniweke mnyonge."

Naishi Bariadi mjini, nauza vifaa vya solar. Mume wangu yuko machimbo huko Geita, anakuja anapokuja. Mama yake yuko Dutwa, mjane, mkulima wa pamba, mama asiyejua kunong'ona.

Siku moja wakati wa mavuno alinipigia simu nifike haraka. Nikajua betri ya solar yake imekufa tena.

Haikuwa betri. Aliniingiza chumbani, akafungua gauni, akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye titi la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu kama kitumba cha pamba ambacho hakijapasuka.

"Kimeanza lini, mama?"

"Wakati wa palizi."

Yaani amekaa nacho palizi yote, kupulizia dawa kote, mpaka pamba imepasuka na amevuna. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wanawe.

"Wanangu wataanza kulia. Wewe hulii."

Mpaka leo sijajua kama pale nilisifiwa.

Hospitali ya hapa ilitupa rufaa ya Mwanza. Kule wakachukua kinyama cha kupima, tukarudi nyumbani, tukaitwa tena. Saratani ya titi. Mama akasema "Haya," kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa kidogo.

Daktari wetu alikuwa dada mmoja mpole, anaongea taratibu. Akatueleza kwamba juu ya seli kuna vitu vinaitwa vipokezi. Kazi yake ni kupokea ujumbe wa kuiambia seli ikue. Saratani nyingine zina kipokezi kimoja kinaitwa HER2, tena zinacho kwa wingi uliopitiliza, kwa hiyo seli inasikia "kua, kua" muda wote na haipumziki.

"Kama mama atakuwa na hiyo, yaani HER2 positive," akasema, "ipo dawa inayokwenda kukaa juu ya kile kipokezi na kukizuia. Kama hana, hiyo dawa haitamsaidia, tutatumia nyingine."

Mama akauliza, "Kwa hiyo inamfuata mdudu peke yake, haipulizii shamba zima?"

"Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Ila chemo tutakupa pia, na ile inapulizia shamba zima."

Tatizo, kipimo cha kwanza kilikuwa katikati. Si ndiyo, si hapana. Ikabidi sampuli ipelekwe kwenye kipimo kingine kinaitwa FISH. Mama akauliza kama tulitakiwa kuja na sato.

Sasa wakuu, hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa nia njema kabisa.

Nikaandika kwenye group la familia: "Mama anaendelea vizuri, tunasubiri majibu kama ni positive au negative."

Basi. Hiyo tu.

Shemeji yangu mkubwa, nimwite Masanja, ni mzee wa kanisa, na simu yake haikosi bando. Vitu hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja, habari hailali. Kufika Jumapili, kanisa zima la Dutwa lilikuwa linajua kwamba Mama Masanja amepima na anasubiri majibu. Na huku kwetu, ukisema positive, hakuna anayekuuliza positive ya nini.

Watu walimhurumia sana. Walimhurumia mpaka kwenye harusi ya jirani wakampa kikombe chake peke yake. Akanywa, akaomba aongezewe chai.

Mchungaji akatangaza mfungo. Wanawake wakakesha. Ombi lilikuwa moja: majibu yatoke negative.

Nikamfuata Shemeji Masanja nyumbani kwake nimweleweshe.

"Shemeji, hiki siyo kile kipimo mnachofikiria. Tena kwa hali ya mama, positive inaweza kutusaidia, kuna dawa yake."

"Kwa hiyo wewe unamwombea mama yangu awe positive."

"Siombi hivyo, nasema kuna dawa."

"Nimekusikia, shemeji."

Kweli alinisikia. Jioni ile ile mke wake akaacha kupokea simu zangu. Wifi yangu wa Maswa akanitumia mstari wa Biblia kuhusu watu wanaotamani mabaya. Mnajua mkwe wa aina hiyo anavyoitwa huku kwetu, sina haja ya kuliandika hilo neno.

Majibu yakatoka. Tukaenda Mwanza, mimi na mama.

Daktari akafungua karatasi, akatabasamu kidogo. Positive.

Nikalia, wakuu. Wiki zote zile nilikuwa nimejikaza, nikalia palepale mbele ya daktari.

Mama akanigeukia. "Nilikuleta wewe kwa sababu hulii."

Halafu akamuuliza daktari, "Kwa hiyo ile dawa napata?"

"Unapata, mama. Ila nisikudanganye, aina hii ina haraka. Ndiyo maana tunaanza mapema."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mavuno. "Gashi, kumbe kanisa zima limeomba, na Mungu akanisikiliza mimi niliyekuwa nimenyamaza."

Nikampigia Shemeji Masanja. Nilisema, "Imetoka positive, tumshukuru Mungu." Upande wa pili nikasikia mtu mzima analia, simu ikakatika. Nikajaribu tena, haipatikani. Nikaandika kwenye group, maelezo marefu, yenye mpangilio. Nadhani hakuna aliyesoma kupita neno la pili.

Kesho yake tukashuka Dutwa jioni. Kwa mbali nikaona baiskeli zimejaa uani. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, sufuria kubwa la wali jikoni. Turubai lilikuwa halijafungwa, ila lilikuwa limeshaletwa.

Mama akasimama na mkoba wake mkononi.

"Nani amekufa?"

Mchungaji akainuka, akakaa tena.

"Masanja, nimekuuliza. Nani amekufa hapa kwangu?"

"Mama, tumekuja kukufariji."

"Wabeja, asanteni. Sasa nipakulieni, sijala tangu Mwanza."

Akakaa katikati yao akala. Alipomaliza akawaeleza mwenyewe, Kisukuma kitupu, titi, kipokezi, dawa, yote. Alieleza vizuri kuliko mimi na group langu. Akamalizia kwa kusema wanaotaka kuomba waendelee, ila wamuulize kwanza anataka nini.

Shemeji Masanja aliomba radhi pale pale, mbele ya watu. Namheshimu kwa hilo. Siku hizi ndiye anayempeleka mama Mwanza.

Safari haikuwa nyepesi, nisiwadanganye. Chemo ilimlaza. Nywele ziliondoka, akakataa wigi, akasema si bibi harusi. Ile dawa ya HER2 anawekewa kwa drip kila baada ya wiki tatu, na wanampima moyo kila mara kwa sababu inaweza kuusumbua. Amefanyiwa upasuaji. Kupona hatujaambiwa, tumeambiwa tunaendelea vizuri, na kwa sasa neno hilo linatutosha. Mambo ya bima siyaingilii hapa, kila mtu ana njia yake.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea.

Kati ya waliokuja kumlilia mama siku ile, kulikuwa na mwanamke wa Migato. Watu wakaondoka, yeye akabaki. Akamwomba mama waingie ndani. Walikaa huko muda, nami nikawa nje naosha sahani za msiba usio na marehemu.

Walipotoka mama akaniambia, "Wiki ijayo tunakuwa watatu."

Saratani ya yule mama ilikuwa aina nyingine. HER2 hana, ana vipokezi vya homoni. Kafanyiwa upasuaji, sasa anameza vidonge kila siku nyumbani kwake, na mumewe ndiye anayemkumbusha.

Nilichojifunza: kwenye ugonjwa huu positive na negative si habari njema wala mbaya, ni maelekezo ya dawa ipi. Ukipewa jibu, uliza positive ya nini. Na ukiona uvimbe, usisubiri pamba ipasuke.

Wenye uzoefu wa hiyo drip, hasa upande wa moyo, andikeni hapa. Mama kasema nimsomee comment zote. Wale wa "pole sana, Mungu ampumzishe" nao waandike, atawajibu mwenyewe.