Nilivyomsafishia Mgeni Kidimbwi

Binamu yangu Kerubo anasomea shahada ya uzamifu. Anachunguza mwani wenye sumu, ambao siku hizi unazidi kuota majini kwa sababu ya joto. Juzi alisema anakuja kuona kidimbwi chetu cha samaki, nami nikaona haya, maana maji yote yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijani. Mgeni wa chuo kikuu aone uchafu huo? Nikauopoa wote kwa karai, nikautupa migombani.

Kerubo akafika na chupa zake tupu, akaduwaa, akamuuliza Mama: "Anti, ule ukijani mlioniambia uko wapi? Bila huo sina utafiti!"

Mama hakujua. Mimi nikaficha mikono nyuma, ilikuwa inaniwasha ajabu. Kerubo akaninyooshea mkono wa salamu. Ningeukataaje?

"Anti, nimeupata!" akaangua kicheko. "Umejaa kwenye kucha za msichana wako."