Ng'ombe Hurudi Zizi la Zamani

Dada yangu Sabdio amekodi chumba hapa Garsen, na kazi yake ni kutafuta matundu ya usalama katika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayotawala kompyuta nzima. Usimwite fundi wa simu. Atakununia wiki nzima.

Alasiri moja ya manyunyu alikuwa kazini akisoma programu, macho yakimlegea, akawaona kama ndotoni ng'ombe wetu wa utotoni. Kila tulipohama malisho, mama aliziba kwa miiba lango la zizi tunaloliacha, maana ng'ombe hurudi kulala alikozoea, hata kama fisi ndiye mwenyeji sasa.

Akashtuka. Programu ile ilikuwa imeachia kipande cha kumbukumbu ya mashine, lakini anwani yake ilikuwa haijaifuta. Siku moja ingerudi palepale na kumkuta mdukuzi ameshahamia. Akaandika mstari wa kuifuta anwani, akautuma.

Jioni akatembea kuelekea nyumbani, bado yumo ndotoni, miguu ikijiendea yenyewe. Akabisha hodi. Akafungua mwanamke mgeni.

"Unamtafuta nani, dada?"

Ilikuwa nyumba ya mama hapa mjini, tuliyoihama alipofariki.