Upande Wangu wa Sahani

Usiku ule nililala na njaa, kama nilivyozoea tangu tumzike mume wangu. Rehema, binti yetu, alikuwa ameniwekea wali na samaki chini ya kawa, akanisihi, "Mama, kula basi, hata matonge mawili. Dawa ya presha huwezi kuimeza tumbo tupu." Nilimwitikia ili aniache. Maisha yetu yote nilikula sahani moja na baba yake, yeye upande ule, mimi huku, naye ndiye aliyemchambua samaki na kunisogezea minofu. Sasa sahani ile ilikuwa pana mno. Mchana wa siku hiyo nilianguka uani nikienda kutawadha, na sitaficha, moyoni nilifurahi. Nilijua mwili unakwisha.

Basi usingizini nikamwona mume wangu. Alikuwa amekaa mkekani, mikono ya kanzu ameikunja, amekwisha kunawa. Sahani iko katikati yetu. Mara mkeka uleule uko wodini, kando ya kitanda alichofia, na wauguzi wanapita bila kutushangaa. Anachambua samaki. Anasogeza mnofu upande wangu, kisha mwingine. Upande wake hagusi.

"Kula na wewe," namwambia.

"Mimi nimeshiba, Mama Rehema."

Nikalia. Nikamshika mkono, nikamwambia nimechoka, anichukue. Sasa tuko kwenye njia ya makaburini, yeye yuko mbele. Nataka kumfuata, magoti hayanyanyuki. Anageuka, anaitazama miguu yangu iliyokonda, kwa lile tabasamu lake la kunichokoza.

"Kwenda huwezi, kukaa hutaki. Hebu rudi ukamalize chakula chako."

Nikazinduka, adhana ya alfajiri inaita. Mkekani hapakuwa na mtu ila Rehema, amelala na nguo zake za mchana, amechoka kunilinda.

Nikafunua kawa. Wali ulikuwa umekauka. Nilimchambua samaki mwenyewe, miiba ikanichoma vidole, maana kazi hiyo sikuwahi kuijua. Nilikula huku nalia, wala sikusikia ladha yoyote. Hakuna kilichopungua katika huzuni yangu. Nilikula mpaka katikati ya sahani, nikaacha.

Rehema akaamka, akautazama wali uliobaki.

"Mama, mbona hujamaliza?"

"Changu nimemaliza," nikamwambia. "Nipe dawa."