Mjane Chini ya Mtegemezi

Mama mkwe wangu ni mjane. Analima Sitalike, na mahindi tunayokula huku Majengo yanatoka shambani kwake. Mimi shamba ninalo kwa jina tu; jembe likiniona halinifahamu. Kwa hiyo nilipoitwa duka la pembejeo kwamba programu ya kompyuta yao imekataa kumpa mama mbolea ya ruzuku, nilifurahi kidogo. Kompyuta ndiyo kazi yangu. Nilijiona nami leo nitafaa kitu mbele ya wakwe.

Kwao mkwe haongei ana kwa ana na mama mkwe. Humpisha njiani, hukaa mbali naye, na neno hupitia kwa mtu wa katikati. Mke wangu hakuwepo, hivyo kazi ya kufikisha maneno ikamwangukia mwenye duka, mtu asiye na subira hata na wateja wake.

"Mwambie mama asubiri kidogo," nikasema.

"Mama, anasema usubiri," akapaza sauti, ingawa mama alikuwa pale pale mlangoni na amesikia.

Fundi aliyeitunga programu ile alishahama na simu yake haipatikani. Mimi nilikuwa na programu ya kufumua: unaipa faili lililokwisha kufungwa, inakurudishia maandishi ya mtungaji karibu kama alivyoyaandika, na pembeni inachora ukoo wa klasi. Klasi ni aina ya watu au vitu ndani ya programu. Moja huzaliwa na nyingine, na mtoto hurithi ruhusa zote za mzazi wake, na makatazo yake pia.

Nilimtafuta Mjane nikitegemea kumkuta chini ya Mkulima. Hakuwepo. Nikaupanda ukoo wake kwenda juu. Mjane alizaliwa na Mtegemezi. Ndugu zake ni Mtoto na Mgonjwa. Naye Mtegemezi hachukui mzigo bila namba ya mwanamume aliyeandikishwa kuwa Mkulima. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Tatizo nini?" mwenye duka akauliza.

Ningemnong'oneza. Badala yake nilijibu kwa sauti, kwa majivuno ya fundi aliyeuona ugonjwa: "Humu mama siyo mkulima. Ni mtegemezi. Anatakiwa awe na mwanaume wa kumsimamia."

Mwenye duka akageukia mlangoni. "Mama, wewe siyo mkulima. Ni mtegemezi. Unatakiwa uwe na mwanaume wa kukusimamia."

Mama mkwe aliviangalia viganja vyake.

"Mwambie huyo baba," akasema taratibu, "mwanaume wangu alishafariki."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikasema naweza kumhamisha Mjane akazaliwe na Mkulima, ni kazi ya mstari mmoja. Mwenye duka akakataa: makao makuu hawapokei programu iliyoguswa, taarifa za mama zinabadilishwa huko huko, na mvua zimeshaanza.

"Si wewe umeandikishwa mkulima? Weka namba yako tumalize. Nyie wasomi mnapenda kuzungusha."

Niliiweka. Mimi niliyekuwa nimetoka kuusoma upuuzi ule kwa macho yangu. Kompyuta ikakubali papo hapo, mimi nikawa mkulima na yeye akawa mtu wangu. Sikuthubutu kutazama mlangoni.

Bodaboda alipomaliza kufunga mifuko, mama mkwe aliingia ndani. Alikuja hadi karibu na kiti changu, akapiga magoti kwenye sakafu yenye vumbi la mbolea, akanisemesha mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Asante, baba. Umenipa mbolea."

Nilijua pa kuanzia: ni yako, mama, inuka. Lakini wateja walikuwa wanatutazama, wengine wakitikisa vichwa kumsifu mkwe mwema.

"Karibu, mama," nikasema.