Mama Kindness Aliposafiri, Ng'ombe Alibaki

Wapo wanaosema wanawake wa Old Moshi tukikaa pamoja ni umbea tu. Haya, leo nimekaa peke yangu, na habari za Elisaria nitazisema hata kama atakayetajwa vibaya humu ni mume wangu mwenyewe. Tumeishi miaka kumi na tisa, ananijua. Akitaka kununa, anune.

Mimi na Elisaria tuliolewa nyumba moja. Yeye aliolewa na Jesse, kaka mkubwa, mimi nikaolewa na Amon, kitinda mimba. Kwa mila za huku kwetu kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo Amon akabaki nayo, na Jesse akapewa kihamba cha chini ya mfereji. Kihamba ni lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambamo mtu anajenga, anazaa na anazikwa. Jesse alizikwa humo miaka sita iliyopita, akamwacha Elisaria na binti mmoja, Kindness, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano.

Elisaria ni nesi. Si nesi wa kukaa kwenye kiti akichezea simu, ni nesi wa kweli, mwenye mikono inayojua pa kushika mgonjwa bila kumuumiza. Akiwa na miaka arobaini na mbili alisikia Ujerumani wanatafuta manesi wa kutunza wazee, akaanza kujifunza Kijerumani. Mara mbili kwa wiki, akitoka zamu, anaingia darasani mjini na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari ameolewa. Nyumbani alibandika karatasi za maneno juu ya kabati la vyombo, anakatakata ndizi za mtori huku anajisemesha. Mara ya kwanza mtihani ulimshinda. Alilia siku moja tu. Mara ya pili akapasi, na baada ya miezi kadhaa ukaja mkataba wa kazi.

Mwenzangu, kuhama nchi si kufunga begi! Mimi nilidhani ni pasipoti na tiketi, basi. Kumbe ni kutafsiri vyeti kwa mtafsiri anayetambulika, ni kuaga kazini kwa maandishi, ni kumalizana na chama chetu cha kuweka na kukopa, ni kufungua akaunti ya mtoto ili ada ya shule ya bweni isipite mikononi mwa watu. Elisaria alikuwa na daftari la kurasa mia, kila jambo analolimaliza analipigia mstari. Yalibaki mambo mawili, akamaliza moja. Likabaki moja, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote: kihamba.

Kwa sababu mume wangu alikuwa ameshaanza maneno yake.

"Kihamba hakikai bila mtu," alikuwa anasema kila akipata wa kumsikiliza. "Jiko likipoa, kinarudi kwenye ukoo. Na ukoo ni nani? Kaka yangu hakuacha mtoto."

"Kindness ni nini, mbuzi?" nilimuuliza.

"Mama Goodness, unajua ninachosema."

Nilijua sana. Alimaanisha mtoto wa kiume. Na hapo ndipo aliponichoma, maana mimi na yeye tuna watoto watatu, Goodness, Martha na Beatrice, wasichana wote watatu. Baba yao anawapenda, sisemi uongo, lakini hakuona kwamba kila neno analomtupia binti wa kaka yake linaangukia wa kwake. Kindness akikosa kihamba leo, wanangu watakikosa cha kwetu kesho, na mimi nikizeeka nitakuwa mgeni nyumbani kwangu. Kwa hiyo msinione nilikuwa naangalia ugomvi wa watu. Ulikuwa wangu pia.

Amon akaenda mbali zaidi. Alimfuata Elisaria, akajifanya mwema. "Shemeji, huko unakokwenda utahitaji hela ya kuanzia. Niuzie mimi kihamba, kisitoke kwenye familia." Bei aliyotaja, hata aibu hakuona, ilikuwa ya kununulia pikipiki iliyotumika.

"Ahsante, shemeji," Elisaria akamjibu kwa upole. "Ngoja nitafakari."

Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia Elisaria aende kwa wakili, aende kwa mtendaji, aende popote. Akacheka. "Nimeshakwenda, Mama Goodness. Sheria iko upande wangu, wameniambia wote. Lakini sheria iko mjini, na Amon yuko hapa kila asubuhi. Nikiwa kule nimevaa koti, nani atamzuia asianze kuchimba msingi? Nataka mtu wa kulinda kihamba changu asiyelala."

"Nani huyo?"

Akaenda zizini kumpa ng'ombe wake majani.

Sasa niwaambie kuhusu huyo ng'ombe. Tulimwita Sista, kwa weusi na weupe wake kama mavazi ya mtawa. Alikuwa anatoa maziwa ya kujaza ndoo asubuhi, na jioni anatoa tena, na Amon alimtamani tangu akiwa mtamba, hajazaa bado. Ng'ombe wetu wa kienyeji alikuwa anatoa maziwa ya kutosha chai ya watu wawili, wakinywa kwa adabu.

Wiki tatu kabla ya safari, Elisaria akaitisha kikao cha ukoo. Alipika mwenyewe mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akanunua soda kwa walokole, akamwalika na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi na aandike. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mzee Yoramu, ndugu wa marehemu baba mkwe, mzee asiyependa maneno mengi. Tukamwamkia shikamoo, tukakaa. Amon alikuja amevaa koti la harusi. Alijua anakuja kukabidhiwa kihamba.

Elisaria akasimama. Hakusema habari za ardhi hata kidogo.

"Baba, na ndugu zangu," alisema, "nasafiri kikazi. Nina ng'ombe, na ng'ombe hasafiri. Nimeona nimwekeshe kwa shemeji yangu Amon, kwa mila zetu. Maziwa ni yake. Ndama wa kwanza ni wangu, wa pili ni wake. Ila sitaki Sista ahamishwe, amezoea. Atatunzwa zizini mwake mwenyewe, na samadi iende kwenye migomba ya hapo hapo."

Kuwekesha ng'ombe si jambo dogo kwetu. Ni mila ya tangu mababu. Ukipokea ng'ombe wa mtu unakuwa mtunzaji wake, na mtunzaji ana heshima yake na kamba yake. Ng'ombe akiugua utasema, akifa utaonyesha ngozi. Na cha mwenye ng'ombe hukigusi, wala hugombani naye juu ya mali yake, maana umekula kutoka mkononi kwake. Mtu akivunja hilo, hata kwenye msiba hakuna atakayemsogezea kiti. Amon anaijua mila hii kuliko anavyojua Baba Yetu. Lakini siku ile, looo, macho yake yalikuwa kwenye maziwa.

Mwenyekiti wa kitongoji akasoma alichoandika, kwa sauti, pole pole: kwamba Amon anapokea ng'ombe mmoja kumtunza, katika zizi lililomo ndani ya kihamba cha marehemu Jesse, ambacho mwenyewe sasa ni Kindness binti Jesse, kikiwa chini ya uangalizi wa mama yake mpaka binti amalize masomo.

Nikamtazama mume wangu. Nikasema moyoni, sasa atasimama, sasa atapiga kelele. Ningeweza kumgusa kiwiko. Ni mume wangu, ningeweza. Nikamfikiria Goodness, nikamfikiria Martha, nikamfikiria na Beatrice aliyekuwa amelala mapajani mwangu, nikaukunja mkono wangu.

"Amon," Mzee Yoramu akauliza, "umesikia yaliyosomwa?"

"Nimesikia, baba. Mbona mnachelewesha?"

"Nauliza tena. Umesikia yote?"

"Yote! Leteni kata."

Akapewa kata ya mbege, akanywa mbele ya ukoo mzima. Kwetu ukishakunywa umekubali, hakuna kurudi nyuma. Akasaini. Wazee wakasaini. Na mimi nikasaini kama shahidi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Elisaria akachukua daftari lake, akapiga mstari wa mwisho.

Mtu mzima wa miaka arobaini na saba aliondoka pale anapiga mluzi.

Elisaria akasafiri. Kule nako vituko vilimngoja, alikuwa ananitumia sauti kwenye simu. "Mama Goodness, huku bila anwani iliyoandikishwa hakuna akaunti ya benki, bila akaunti hakuna mshahara, na bila mshahara nani atanipangisha nipate anwani? Nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga!" Nilicheka mpaka machozi, lakini nilijua anaogopa. Siku ya nne akamwendea bosi wake na Kijerumani chake cha kabatini, akaomba barua kwamba anakaa chumba cha wafanyakazi. Akapewa. Kwa barua ile akajiandikisha, akapata akaunti, akapata kadi ya bima. Mshahara wa kwanza ulipoingia, ada ya Kindness ililipwa siku hiyo hiyo kwa namba ya malipo ya shule, na hela ya pumba ya Sista ikaja kwenye simu ya Amon. Sikiliza furaha ya mwanamke huyo kwenye simu! Alipiga kelele hadi mwenzake wa chumba akagonga ukuta.

Huku nyumbani, Amon alisubiri wiki mbili tu. Akaja na fundi na futi ya kupimia, anataka kujenga vyumba vya kupangisha kwenye kona ya barabara. Wakati wanapiga vigingi, Mzee Yoramu akapita na fimbo yake. Hakugombana. Alisimama, akavitazama vigingi, akasema, "Amon, tangu lini anayetunza ng'ombe wa mtu akapima zizi la mtu?"

Basi. Fundi mwenyewe ni mtu wa huku, akaanza kukunja futi yake.

Mume wangu akarudi nyumbani amefura. "Ulijua!"

"Nilisikia. Kama wewe ulivyosikia. Uliulizwa mara mbili."

"Nitamrudisha huyo ng'ombe!"

"Mrudishe. Umpeleke Ujerumani kwa miguu. Na wanao uwaambie chai ni ya rangi kuanzia kesho."

Siku ya nne baada ya hapo nikamwona anashuka na mzigo wa majani kichwani kuelekea kwa Sista, na nikajua amekubali. Na niseme ukweli, nilimwonea huruma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa vibaya na waliomtangulia, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali mara mbili.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Desemba. Miezi tisa Amon alikuwa ameshuka kila siku asubuhi na jioni. Samadi ilienda migombani kama ilivyoandikwa, na ile migomba ikatoa mikungu ambayo ilibidi kuiwekea miti isianguke. Sista akazaa ndama jike, wa Elisaria kama ilivyoandikwa. Amon alikuwa zizini usiku ule kumzalisha. Asubuhi alimpigia simu shemeji yake mwenyewe, anajisifu hadi vocha ikaisha.

Kindness alikuwa amefunga shule. Akaja mtu wa mjini na gari, bwana mwenye kitambi na miwani, anatafuta kiwanja cha barabarani. Alimkuta mume wangu anasukuma toroli la samadi, mimi nachuma maharage pembeni.

"Mzee, hiki kihamba ni chako?"

Nikasimamisha mikono. Kusema kweli niliogopa. Hapakuwa na Mzee Yoramu, hapakuwa na karatasi wala shahidi. Hela aliyoitaja yule bwana ilikuwa kubwa, tena nusu anayo kwenye gari.

Amon akatua toroli. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akanyoosha kidevu kuelekea zizini, alipokuwa Kindness anakatakata mashina ya migomba ya kumlisha Sista, na buti za baba yake miguuni.

"Mwenyewe yule pale. Muulize."

Yule bwana akacheka, akadhani ni utani. "Yule mtoto?"

"Nimekwambia mwenyewe ni yule. Mimi natunza ng'ombe."

Kindness akainua kichwa. "Shikamoo," akamwambia yule bwana kwa adabu. "Hakiuzwi."

Gari likaondoka. Mimi nikasema sasa ndiyo saa yenyewe, nikikaa kimya leo nitakaa kimya milele. Nikamwita.

"Baba Goodness. Na kile cha kwetu, ni cha nani?"

Alikuwa ameshashika toroli lake. Hakugeuka.

"Cha wale watatu," akasema. "Cha nani tena?"

Nikapiga kigelegele pale pale kwenye maharage, peke yangu, hadi Mama Elifuraha wa jirani akaja anakimbia na mwiko mkononi, anauliza ni nani kati ya mabinti zangu ameolewa. Nikamwambia hakuna aliyeolewa. Wamerithi.