Pumba za Nyanya, Maji ya Dani

Dek ikichemka mara ya kwanza hutoa harufu chungu inayokamata koo kabla hujaisikia puani. Ni mboga ya majani ambayo vitabu huiita mgagani. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Migori, ni dek tu, na mteja akija sokoni kuniulizia mgagani najua ametoka mbali, namkaribisha kwa adabu zote na bei ya watu wa mbali. Msimu ule wa mvua ndefu alipozaliwa mdogo wangu Atieno, harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi, ikitoka jikoni kwa Dani, mama mzazi wa baba. Nilinawa uso, nikachukua mtungi mdogo wenye kifuniko, nikateremka hadi vyumba vya kupanga nyuma ya soko, na huko nikakutana na harufu ya pili: uji wa wimbi uliochachushwa, wenye ukali mtamu unaojaza mate mdomoni. Huo ulikuwa wa Nyanya Boke, mama mzazi wa mama. Kati ya harufu hizo mbili palikuwa na mwendo wa kutosha kupoza uji, na aliyeubeba nilikuwa mimi.

Utauliza kwa nini bibi wawili wapike mbali hivyo kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Baba ni Mjaluo na mama ni Mkuria wa upande wa Isebania. Kwa desturi ya kwa baba, mama mkwe halali katika boma la mkwewe wala hali chakula humo ovyo, hata kama binti yake amelala ndani hajiwezi. Nyanya hakuwa mtu wa kubishana na desturi za watu. Alipopata habari kwamba mama amejifungua vibaya, alifunga gunia dogo la wimbi, akaja, akapokewa chumbani na mwanamke wa kwao aliyeuza ndizi sokoni. Kila mchana alifika hadi langoni petu, akaketi juu ya jiwe, akaulizia hali ya binti yake kama mtu anayeulizia mzigo wake kwa karani. Hakuvuka lango. Nilikuwa nikimwona akinyoosha shingo tu, kidogo, halafu akijikumbuka na kuirudisha.

Mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye vidole baridi na maneno machache, alivuta ukope wake wa chini, nami niliyesimama karibu nikaona ndani palivyo: peupe kama ukurasa usioandikwa. Maziwa nayo yalikuja kwa kusitasita, na Atieno alilia kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga. Muuguzi akatoa vidonge, akasema chakula nacho kina kazi yake, wimbi na mboga za kienyeji, kisha wamrudishe mama baada ya wiki mbili. Ukope ukiwa bado mweupe, angempeleka hospitalini Homa Bay, kando ya ziwa, akaongezewe damu. Kwangu mimi Homa Bay haikuwa ziwa wala samaki. Ilikuwa mahali ambapo jirani yetu mmoja alipelekwa akiwa ameshachelewa, na sasa watoto wake walilelewa na shangazi yao. Nilihesabu watu wa nyumbani kwetu, nikahesabu tena, na kila nilipojaribu kumtoa mama hesabu ilikataa.

Muuguzi alikuwa amesema wimbi na mboga, lakini kila bibi alisikia nusu aliyokuwa akiiamini tangu zamani. Mjadala ukahamia langoni. Mmoja alisema Kidholuo na mwingine Kikuria, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili cha sokoni, lugha ambayo wote wawili waliijua kwa kununua na kuuza, na ndiyo maana kila neno lilitoka kama bei.

"Mama Robi," Dani alianza, akimwita Nyanya kwa jina la mama yangu, mikono kiunoni, "huyu binti yako anataka damu. Damu iko kwa dek. Uji ni maji tu, yamevaa nguo."

"Na majani je, Mama Okelo?" Nyanya akamrudishia kwa jina la baba. " Ng'ombe anakula majani tangu asubuhi, mbona kiangazi anakonda?"

"Ng'ombe hapikiwi."

"Wimbi ndiyo imetulea sisi Wakuria. Angalia mikono yangu."

"Bado naangalia mdomo. Mikono sijaifikia."

Nyanya alicheka kwanza, Dani akafuata, kisha wote wawili wakanyamaza ghafla kwa sababu Atieno alikuwa ameanza kulia ndani. Hivyo ndivyo mjadala ulivyoisha kila siku.

Baba naye alikuwa na nadharia yake. Alichimba dhahabu Masara, akija nyumbani mwisho wa wiki na vumbi jekundu masikioni, na safari ile alikuja na chupa za kinywaji cha zambarau. Alikuwa ameangalia rangi akaridhika. Kitu kinachofanana hivyo na damu, alisema, hakiwezi kukosa damu ndani yake. Mama alikunywa kwa heshima ya safari ya baba. Chupa zilitusaidia sana baadaye kuwekea mafuta ya taa.

Sasa sikia walivyopika, maana jambo lenyewe limelala hapo. Nyanya alisaga wimbi, akachekecha. Akachekecha tena kwa chekeche lenye matundu madogo zaidi, mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Kwao uji wenye pumba ni wa haraka, wa watu wa shamba. Mgonjwa, tena mzazi, tena binti aliyeolewa mbali, hustahili uji unaoteremka bila kugusa koo. Dani kwake aliichambua dek jani kwa jani, akaichemsha, akamwaga maji machungu, akatia mengine, akachemsha, akamwaga. Alipoonja jani kwa ncha ya ulimi na kuridhika kwamba uchungu umekwisha, ndipo alipotia maziwa na kuiacha chunguni ilale hadi kesho. Ilikuwa tamu. Nimekula mahali pengi tangu siku hizo, na bado sijapata mboga iliyopikwa kwa uvumilivu kama ule.

Na kwa kuwa Nyanya aliona haya kutuma uji peke yake katika nyumba ya wakwe, alifunga zile pumba kwenye kitambaa akanipa. "Mpelekee Mama Okelo. Mwambie ni za kuku wake." Dani alipokea kwa shukrani zote, akazimimina kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka pembeni, akazikorogea na yale maji ya kijani aliyoyamwaga, akawaita kuku. Kwa hiyo vyakula vya bibi wawili, ambavyo langoni havikuelewana hata siku moja, vilikutana kwenye sufuria ya kuku.

Wiki mbili zilipotimia tulikwenda zahanati. Muuguzi alivuta ukope, akauachia, akauvuta tena. Nilimpenda kwa kuangalia mara mbili, ila jibu halikubadilika. "Damu haijapanda vya kutosha," alisema. "Nawapa wiki moja. Baada ya hapo sibishani na nyinyi, ni Homa Bay." Njiani Dani aliwapita mbuzi wa watu bila salamu, naye ni mtu aliyezoea kuwasalimu hata hao. Langoni Nyanya alikuwa amesimama; jiwe lake lilikuwa tupu. Nikampa jibu. Hakulia. Aliuliza tu kama mama alikuwa amemaliza uji wa asubuhi, nikamwambia ameumaliza wote, naye akaonekana kuumia zaidi kuliko kama ningesema ameukataa.

Kesho yake mama aliomba atolewe nje apate jua. Tukamtandikia mkeka mlangoni, Atieno kifuani, na kikombe cha chai ya rangi pembeni, maana chai hakuwahi kuiacha na vidonge vyake alivimeza kwayo. Kuku wa Dani walikuwa wakila. Mbele yao alikuwepo tetea mmoja mwekundu ambaye wakati wa Krismasi alikuwa mifupa na kelele tu. Sasa manyoya yaling'aa kama yamepakwa mafuta, na kishungi chake kichwani kilikuwa chekundu kama pilipili mbivu. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Aliinua kiganja chake mwenyewe, cheupe, akakitazama nacho.

"Akinyi," aliniita. "Huyu kuku anakula nini?"

"Pumba za Nyanya na maji ya dek ya Dani."

Alianza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mgonjwa, kisicho na pumzi, lakini sikuwa nimekisikia tangu Atieno azaliwe. "Basi mwambie Dani kesho aniwekee mimi hiyo sufuria. Kuku wapewe yangu."

Dani alisikia kutoka jikoni akatoka na mwiko. "Robi! Unataka watu waseme nimemlisha mke wa mwanangu pumba?"

"Waseme, Mama. Wakisema nikiwa hai, nitawasikia."

Dani alirudisha mwiko jikoni. Halafu alifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona akilifanya: alitembea mwenyewe hadi langoni kumngoja Nyanya, akamweleza. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu pumba anapewa kuku, na mgeni asiyependwa," alisema.

"Hata kwetu."

"Binti yangu anataka nimfanye mgeni asiyependwa."

"Na mimi anataka nimpikie uchungu. Nitafanya nini? Ndiye anayekula." Dani akashusha sauti. "Mama Robi, mimi maji simwagi tena. Wewe usichekeche. Tukikosea, tumekosea wawili."

Uji ulioletwa kesho yake ulikuwa mzito na wa kukwaruza. Dek haikumwagwa maji. Dani aliituliza kwa majani ya kunde na kuikamulia ndimu ili uchungu upate wa kushindana naye. Mama alikunja uso mpaka macho yakapotea, akamaliza sahani, akasema sasa anaelewa kwa nini kuku hupiga kelele. Nilimhesabia matonge. Tetea mwekundu alizunguka sufuria yake, akachungulia ndani, akatutazama.

Wiki ilipoisha muuguzi alivuta ukope, akaegemea dirishani kupata mwanga. Ndani palikuwa na rangi. Haikuwa nyingi, kama chai iliyopauka, lakini ilikuwa rangi. "Mmefanya nini?" aliuliza. Dani aliangalia chini. "Tumemlisha kama kuku." Muuguzi alipomaliza kucheka alituambia kwamba ganda la nafaka na maji ya mboga hubeba sehemu kubwa ya tulichokuwa tukikitafuta; kwamba ndimu huyafungulia mlango madini ya damu, na chai huufunga, basi chai ikae mbali na chakula na mbali zaidi na vidonge. Vidonge navyo vilikuwa na sehemu yao, alisisitiza. Hakuna aliyemsikiliza hapo. Langoni Nyanya alidai ushindi wa wimbi, Dani akadai wa dek, na Homa Bay ikarudi kuwa ziwa na samaki.

Leo nauza vyote viwili, wimbi kwa gorogoro, kopo letu la kupimia, na dek kwa fungu. Dani na Nyanya walishafariki. Wateja husimama mbele yangu na simu mkononi, wakilinganisha nafaka na mboga kama wagombea wa uchaguzi, kisha wananiomba unga uliochekechwa vizuri na mboga iliyochemshwa mpaka isahau jina lake. Siwalaumu. Najua chekeche lile lilikuwa upendo, na yale maji yaliyomwagwa pia, na upendo ni vigumu kuubishia bei.

Juzi Atieno alinipigia. Anaishi Homa Bay, ameolewa huko, na mimba yake imeanza kuonekana. "Dada, nimesoma wimbi inashinda kwa mifupa, lakini dek inashinda kwa vitamini. Sasa ninunue gani?"

"Unataka nikupunguzie nini, mifupa au damu?"

"Si uniambie moja tu. Wewe ndiye mfanyabiashara."

Nilikuwa nikitafuta jibu nilipomsikia mama nyuma yangu, ambako huketi kuchambua mboga na kuniharibia mauzo kwa kuwaongezea watu. "Muulize," alisema bila kuinua kichwa, "kama huko kwake kuna mtu anayechekecha."

Nikamtumia vyote, wimbi pamoja na pumba zake na dek pamoja na uchungu wake, na ndimu juu ya kikapu. Nyumbani nafuga kuku pia, wa ukoo wa yule tetea mwekundu. Jioni nikipita karibu na sufuria yao hunitazama kama watu waliodhulumiwa urithi.